Seva ya barua pepe ya humu ndani tu

Kuhusu: Kompyuta ya nyumbani inatupa barua zake

Shikamoo dada, na salamu kwa wote.

Nina kompyuta ndogo inayokaa kabatini, inaendesha Debian, aina ya Linux. Kazi yake kubwa ni kutunza picha za familia na karatasi zetu: paspoti, vibali vya kuishi, vyeti vya watoto, mikataba ya nyumba. Sisi tunaoishi ugenini tunajua karatasi moja ikipotea inavyosumbua kuipata tena. Kila usiku cron, programu ya kuendesha kazi kwa ratiba, inaendesha rsync, programu ya kunakili mafaili, inanakili vyote kwenye diski ya pili. Juzi nilikuwa napekua kumbukumbu za mfumo nikakuta mstari huu unajirudia kila usiku:

No MTA installed, discarding output

Nikielewa vizuri, kompyuta ina jambo inataka kuniambia, na kwa kuwa hakuna wa kulifikisha, inalitupa. Je, ni lazima nifunge, yaani nisakinishe, seva nzima ya barua pepe kwa ajili ya hilo? Nimesoma watu wengi wakisema kuendesha seva ya barua nyumbani ni mateso matupu. Mimi sitaki kumwandikia mtu yeyote wa nje. Nataka barua zifike humu humu ndani.


Jibu: Kompyuta ya nyumbani inatupa barua zake

Marahaba mdogo wangu. Nimefurahi umeuliza, maana mstari huo wengi wanao na hawajawahi kuuona.

Umeelewa sawasawa. Kazi ya cron ikiandika chochote, cron hukifunga kama barua na kumpelekea mwenye kazi. Huyo MTA anayetajwa ni programu ya kupokea barua na kuifikisha, na kwako hayupo. Lakini kuna jambo la haraka kuliko kufunga seva: rsync ikiendeshwa bila -v, chaguo la kuifanya ieleze inachofanya, huwa kimya inapofaulu. Kwa hiyo kama kila usiku kuna maneno ya kutupwa, yaelekea ni malalamiko. Kabla hujafunga chochote, endesha amri ile ile kwa mkono, ukiwa mtumiaji yule yule, usome inachosema.

Sasa tuje kwenye mateso. Wanaoyasimulia wanasema kweli, ila wanazungumzia kazi nyingine. Kuupelekea ulimwengu barua kutoka nyumbani ni kazi ngumu kwa sababu zinazojulikana: kampuni nyingi za intaneti huziba poti 25, mlango ambao seva hupelekeana barua, kwa wateja wa majumbani, anwani ya IP hubadilika, mara nyingi iko tayari kwenye orodha za kuzuia barua taka, na wapokeaji wakubwa wanadai SPF, DKIM na DMARC, yaani uthibitisho kwamba barua imetoka kweli kwenye kikoa chako, kabla hawajakuamini. Barua isiyotoka nje ya kompyuta haikutani na hata kimoja kati ya vikwazo hivyo. Na barua ya namna hiyo ndiyo kongwe zaidi. Mwaka 1965, pale MIT, Tom Van Vleck na Noel Morris waliandika amri ya MAIL kwenye mfumo wa CTSS ili watu wanaotumia kompyuta moja waachiane ujumbe. Ray Tomlinson alikuja kutuma barua kutoka kompyuta moja hadi nyingine, kwa alama ya @, mwaka 1971. Unachohitaji wewe ni ile ya 1965.

Nakushauri Postfix, mojawapo ya hizo MTA. Exim nayo inafaa, na wapo wanaoipenda, lakini mipangilio ya Postfix inasomeka kirahisi, na Wietse Venema aliijenga tangu mwanzo kama programu nyingi ndogo zenye mamlaka kidogo kidogo, ili moja ikidhurika zisianguke zote. Kwa kitu kitakachokaa kabatini miaka bila kuguswa, hilo nalithamini sana.

sudo apt install postfix bsd-mailx

Wakati wa kufunga itakuuliza aina ya mipangilio. Chagua Local only. Ikikuuliza jina la barua, andika jina la kompyuta ukimalizia na home.arpa, kwa mfano kabati.home.arpa. Mwisho huo ulitengwa rasmi mwaka 2018 kwa mitandao ya majumbani, hivyo hautagongana na kikoa cha mtu mwingine. Usiandike .local, maana huo ni wa mDNS, ambayo printa na vifaa vingine hutumia kutafutana, na baadaye utakuchanganya.

Halafu amri hizi:

sudo postconf -e 'inet_interfaces = loopback-only'
sudo postconf -e 'default_transport = error:hapa ni barua za ndani tu'
sudo postconf -e 'home_mailbox = Maildir/'
sudo systemctl restart postfix

Ya kwanza ndiyo kinga yako. Postfix inasikiliza kompyuta yenyewe tu. Hata ruta ikikosewa mipangilio kesho, hakuna wa nje atakayeigongea. Seva inayopokea barua ya yeyote na kuipeleka popote hugunduliwa na watuma taka upesi sana, na anayebeba lawama ni mwenye nyumba.

Ya pili wengi huiruka, nami nasema usiiruke. Postfix ikiwa huru kutuma nje, programu yoyote ikijaribu kuandika huko na njia ikawa imezibwa, barua inakaa kwenye foleni na Postfix inaendelea kuihangaikia kwa siku 5, ndipo ikate tamaa. Ukiweka mstari huo, barua inarudi papo hapo kwa aliyeituma. Jaribu: echo habari | mail -s jaribio mtu@example.com. Muda si mrefu utapata jibu kutoka kwa MAILER-DAEMON, na katikati ya Kiingereza chote kile utakuta maneno yako mwenyewe, hapa ni barua za ndani tu. Andika sentensi ambayo mtu mwingine wa nyumbani akiikuta ataielewa.

Ya tatu ni namna ya kuhifadhi. Mtindo wa zamani ni mbox, ambapo barua zote za mtu zinashonwa kwenye faili moja ndani ya /var/mail. Maildir, aliyoibuni Daniel J. Bernstein, huipa kila barua faili lake, ndani ya folda tatu: tmp inapoandikwa, new ikishafika, cur ikishaonwa. Kwako wewe unayenakili kila usiku faida iko wazi, kwa kuwa barua mpya moja ni faili moja dogo la kunakili.

Hapo kuna mtego. Amri ya mail hutafuta barua kwenye /var/mail. Ukishahamia Maildir itakujibu kwamba huna barua, nawe utadhani Postfix imekataa kazi, kumbe barua zimejaa ndani ya ~/Maildir/new. Tumia mail kwa kutuma, na kwa kusoma funga mutt, programu ya kusomea barua, kisha kwenye ~/.muttrc weka set mbox_type=Maildir, set folder=~/Maildir na set spoolfile=~/Maildir. Ukiwa na shaka, sudo journalctl -t postfix/local itakuonyesha kila barua ilivyopokelewa. Ukiona status=sent, imefika, na sasa tatizo ni wapi unachungulia.

Bado jambo moja, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Fungua /etc/aliases, faili linaloelekeza barua za jina moja kwa jina jingine, ongeza mstari wa root: ukifuatiwa na jina lako la mtumiaji, halafu endesha sudo newaliases. Karibu kila kinachochunga afya ya kompyuta humwandikia root, akaunti kuu ya msimamizi: smartd inapoona diski inaanza kuchoka, mdadm inapopoteza diski moja kwenye jozi, na kazi zote za cron za mfumo. Bila mstari huo onyo la diski litaandikwa, litafikishwa salama, na litakaa kwenye sanduku ambalo hakuna binadamu anayelifungua.

Kaa nayo kidogo, kisha uniambie rsync ilikuwa inalalamika nini.


Jibu: Kompyuta ya nyumbani inatupa barua zake

Dada, asante sana. Niliiendesha kwa mkono kama ulivyosema. Permission denied, na siyo popote: ni folda ya vibali na paspoti. Aliyeziskani ni mume wangu kwa akaunti yake, na akaunti yangu hairuhusiwi kuzisoma. Picha zote zimenakiliwa, karatasi hizo hazimo. Nimeshahamishia kazi kwenye crontab ya root na sasa zimo zote, nimezifungua moja moja kuhakikisha.

Postfix nayo inafanya kazi, jibu la MAILER-DAEMON nimeliona. Sasa mume wangu naye anataka kusoma barua hizi kwenye simu na kwenye kompyuta mpakato, bila kuingia kwenye mutt. Na je, usiku ukipita bila barua, niamini kwamba mambo ni shwari?


Jibu: Kompyuta ya nyumbani inatupa barua zake

Afadhali umeligundua sasa, kabla hamjazihitaji. Hongera kwa kuzifungua kwa macho yako. Nakala isiyofunguliwa haijathibitishwa.

Nianze na swali la mwisho. Hapana, ukimya usiuamini peke yake. Ukimya unaweza kumaanisha kazi imefaulu, au cron imezimwa, au kompyuta yenyewe imekufa. Wala usiende upande wa pili ukaifanya iandike kila usiku kwamba imefaulu, maana baada ya wiki chache hamtazisoma tena, na siku yenye habari mbaya itapita pamoja nazo. Iache iandike inaposhindwa tu, halafu ongeza barua moja ya kila Jumatatu saa moja asubuhi:

0 7 * * 1 df -h /mnt/diski2

Badilisha njia iwe ya diski yako. Kwa kuwa df huandika kitu kila mara, cron itakuletea barua yenye nafasi iliyobaki. Jumatatu barua isipofika, nenda kabatini.

Kwa kusoma kwenye simu, funga dovecot-imapd kwenye kompyuta ile ile. Dovecot haipeleki barua, kazi yake ni kuzionyesha, na inatumia majina na manenosiri yale yale ya watumiaji wa kompyuta. Angalia toleo kabla ya kunakili maelekezo ya mtandaoni. Hadi 2.3 mstari ulikuwa mail_location = maildir:~/Maildir. Kuanzia 2.4, ambayo ndiyo iliyomo kwenye Debian 13, mstari huo umeondolewa, unaandika mail_driver = maildir na mail_path = ~/Maildir. Ukichanganya maelekezo ya zamani na toleo jipya, Dovecot itakataa kuwaka. Kwenye simu weka anwani ya ndani ya kompyuta na poti 993. Simu itaonya kuhusu cheti cha usalama cha seva kwa sababu umejitengenezea mwenyewe. Likubali onyo hilo mkiwa nyumbani kwenye mtandao wenu, siyo kwenye Wi-Fi ya watu. Na kwenye ruta usifungue poti yoyote kwa ajili ya hili.

Kila mmoja ataona sanduku lake. Mkitaka barua za root ziwafikie wote wawili, kwenye /etc/aliases andika majina yenu mkiyatenganisha kwa koma, kisha newaliases tena.

Mtatamani barua ziwafikie hata mkiwa safarini. Hilo linawezekana bila kuwa seva ya ulimwengu: unaondoa ule mstari wa default_transport, unaweka relayhost ielekee kwa kampuni inayowapa barua pepe, poti 587, kwa jina na nenosiri lililotengenezwa kwa ajili ya programu tu, ndani ya faili linalosomwa na root peke yake. Wengi wao hukataa barua inayodai kutoka root@kabati.home.arpa, kwa hiyo utahitaji pia smtp_generic_maps ya kubadili jina la mtumaji. Ila msikimbilie huko. Kaeni na hii ya ndani mpaka barua za Jumatatu zije bila kukosa, ukiwa tayari niandikie tuifanye pamoja.