Saa zangu ni chache: nitapataje zamu za muda mgahawani au hotelini?

Muulizaji

Salaam kwenu nyote.

Ninaomba ushauri wa watu waliofanya kazi za mgahawani au hotelini, hasa wale waliowahi kuishi kwa zamu za muda. Ninamuuguza mzazi wangu nyumbani, na ndugu yangu hunipokea jioni za Jumatano, Ijumaa na Jumamosi, pamoja na mchana wote wa Jumapili. Hizo ndizo saa nilizo nazo, na nje ya hapo siwezi kumwahidi mtu chochote. Nimewahi kuosha vyombo kwa miezi minne na kuhudumia meza kwa msimu mmoja, kwa hiyo si mgeni kabisa, ingawa siwezi kujiita mzoefu.

Nimepeleka wasifu wangu sehemu nyingi, na kila mahali nimeandika kwamba niko tayari kufanya kazi wakati wowote, kwa kuhofia kwamba nikitaja masharti yangu mapema sitaitwa. Nimeitwa mara mbili, na mara zote mbili mambo yaliharibika kabla ya wiki mbili kwisha. Mahali pa kwanza nilipangiwa zamu za asubuhi, nikaomba nibadilishiwe, na msimamizi akaniona msumbufu. Mahali pa pili nilipewa zamu iliyokatwa vipande viwili, kimoja cha mchana na kingine cha usiku, na kwa kuwa nyumbani ni mbali, zile saa 4 za katikati nilizimaliza nikiwa nimeketi kwenye ngazi za mlango wa nyuma, bila kulipwa. Kisha nikakutana na wakala aliyetaka nilipe ada ya kuandikishwa kabla hajanitafutia kazi. Nililipa, na tangu siku hiyo hapokei simu zangu.

Je, mtu mwenye saa chache kama mimi anaweza kupata zamu za uhakika? Na ni mambo gani niyaulize kabla sijavaa aproni?

Msimamizi wa zamu

Ndugu muulizaji, pole kwa kuuguza, na pole kwa yaliyokupata.

Nimepanga zamu za mgahawa kwa miaka tisa, na nikisoma maelezo yako naona kwamba kilichokuangusha ni hayo maneno "wakati wowote". Wewe uliyaandika ili upokewe, lakini anayepanga zamu huyachukua kama ahadi, na unapoanza kuomba mabadiliko katika wiki ya kwanza, anakuhesabu kuwa mtu asiyetegemeka, hata kama kazi yako mezani ni safi. Jambo la kusikitisha ni kwamba saa ulizozificha ndizo tunazozitafuta. Ijumaa na Jumamosi usiku wateja wanajaa, na siku hizo hizo ndizo wafanyakazi wa kudumu wanazoombea ruhusa zaidi ya nyingine zote. Ungekuja kwangu ukasema, "Ninapatikana Ijumaa na Jumamosi kuanzia saa 11 jioni hadi kufunga, kila wiki, wala sipatikani Jumatatu," ningeandika jina lako siku hiyo hiyo.

Afadhali ujue jinsi pengo la zamu linavyotokea, kwa sababu ukilielewa utajua pia wakati wa kubisha hodi. Ratiba huandikwa wiki moja au mbili kabla. Kisha mmoja anaugua, mwingine anafiwa, na kundi kubwa linaweka nafasi ambayo haikutarajiwa. Saa 10 alasiri ninakuwa nimesimama kaunta na karatasi ambayo majina mawili yamekatwa kwa kalamu, meza zote za jioni zimeshawekewa nafasi, na simu iko mkononi. Ninampigia kwanza yule anayepokea, anayejua atachukua dakika ngapi kufika, na anayenijibu papo hapo kama anakuja au haji. Anayeniambia "ngoja nitakujulisha" simlaumu, ila ninaendelea na jina linalofuata.

Kwa hiyo usitegemee wasifu uliotumwa kwa barua pepe peke yake. Nenda mwenyewe katika ule utulivu wa alasiri, chakula cha mchana kikiwa kimekwisha na cha jioni hakijaanza, umwombe msimamizi dakika mbili. Mwachie karatasi fupi yenye siku zako na saa zako, muda unaokuchukua kufika, na vituo unavyovimudu. Andika waziwazi kwamba unaosha vyombo na unahudumia meza pia, maana anayemudu vituo viwili anaziba mapengo mawili. Kazi ya sinki isikuonee aibu. Mgahawa unaweza kumaliza usiku ukiwa na mhudumu mmoja pungufu, lakini sahani safi zikiisha, jikoni pote panasimama.

Nikupe mfano mmoja. Alikuja kwetu binti wa zamu ya siku moja, akafika dakika 15 kabla ya muda. Hakukaa kusubiri. Alizunguka ukumbi na kijidaftari, akachora meza zote na namba zake, akauliza trei chafu zinawekwa wapi na mlango gani wa jikoni ni wa kuingilia na upi ni wa kutokea. Oda ya kwanza ilipotoka hakuuliza kitu. Alibeba sahani akaenda moja kwa moja meza namba 14. Baada ya usiku ule nilimwita karibu kila wiki kwa mwaka mzima, na hakuwahi kunipa jioni zaidi ya mbili kwa wiki.

Kuhusu kujaribiwa, ni haki msimamizi akuone ukifanya kazi kwa muda mfupi kabla ya kukuajiri. Lakini jioni nzima yenye wateja, ambamo umebeba, umefuta na umepokea oda, hiyo ni kazi na inastahili malipo. Uliza kabla hujaanza.

Mstaafu wa vyumbani

Mwanangu, mimi nimetandika vitanda vya hoteli kwa zaidi ya miaka ishirini, na mingi kati ya hiyo nilikuwa kibarua wa zamu. Nataka kuanza na huyo wakala, kwa sababu jambo hilo linaniuma.

Shirika la Kazi Duniani lina Mkataba Namba 181 wa mwaka 1997 unaohusu mawakala binafsi wa ajira, na kanuni yake ya msingi ni kwamba wakala hapaswi kumtoza mtafuta kazi ada wala gharama yoyote, iwe moja kwa moja au kwa kuzunguka; nchi inaweza kuruhusu mambo machache tofauti na hayo, kwa masharti. Upo pia Mkataba Namba 172 wa mwaka 1991, ulioandikwa mahususi kwa ajili ya wafanyakazi wa hoteli na migahawa. Huo unakataza kuuza na kununua nafasi za kazi, na unasema kwamba mfanyakazi alipwe ujira wa msingi kwa vipindi vinavyojulikana, hata kama anapokea bakshishi. Mikataba hii huzifunga nchi zilizoiridhia, kwa hiyo nenda ofisi ya kazi iliyo karibu nawe uulize sheria ya kwenu inasemaje, kisha peleka na risiti ya hiyo ada kama unayo. Wakala wa kweli hulipwa na hoteli inayomhitaji mfanyakazi. Hana sababu ya kuingiza mkono mfukoni mwako.

Inafaa ujue pia kwamba Mkataba Namba 30 wa mwaka 1930, uliowawekea watu wa biashara na ofisi kikomo cha saa za kazi, uliziacha nje hoteli na migahawa kwa kuzitaja waziwazi. Zikapita zaidi ya miaka sitini kabla ya mkataba wetu wenyewe kuandikwa. Kwa hiyo usishangae kuona kwamba katika kazi hii saa za mtu huchezewa kirahisi. Ni mazoea ya zamani, na ndiyo maana inakubidi uulize.

Juu ya zamu zenyewe, kazi ya vyumba kwa kawaida ni ya asubuhi na mchana, kwa hiyo kwako inabaki Jumapili tu. Lakini usiidharau Jumapili. Katika hoteli inayojaa wikendi, wageni huondoka kwa pamoja, na chumba cha mgeni anayeondoka si sawa na cha anayebaki: unavua mashuka yote, unabadilisha foronya, unasugua bafu kama halijawahi kutumika, unaangalia hadi chini ya kitanda. Uliza unalipwa kwa saa au kwa idadi ya vyumba. Kama ni kwa vyumba, uliza ni vyumba vingapi, na vya kuondoka ni vingapi kati yake, maana hapo ndipo watu wengi wanapojikuta wanamaliza saa mbili baada ya muda unaohesabiwa.

Kwa jioni zako, nenda idara ya karamu na mikutano. Harusi na makongamano huwekewa nafasi miezi mingi kabla, idadi ya wageni inajulikana, na hoteli haiwezi kuajiri watu wa kudumu kwa ajili ya usiku mmoja wa wageni 300. Msimamizi wa karamu huwa na orodha yake ya watu wa kuitwa. Ukishaingia kwenye orodha hiyo unaweza kuijua Jumamosi yako wiki tatu kabla, na kwa mtu anayeuguza hilo ni jambo kubwa.

Mpishi wa zamu za usiku

Ninakubaliana na wenzangu, ila niongeze machache kutoka jikoni.

Programu za simu zinazounganisha migahawa na watu wa zamu zinafaa kwa kuanzia, kwa sababu unaona saa na malipo kabla hujakubali. Udhaifu wake ni kwamba ukighairi dakika za mwisho alama zako zinashuka, na programu haijui kwamba mzazi wako amezidiwa. Msimamizi anayekujua kwa sura ataelewa. Itumie kufungua milango, kisha jenga uhusiano na sehemu mbili au tatu.

Jifunze usalama wa chakula hata kama wewe ni wa mezani. Sehemu nyingine hudai cheti, na hata pasipodaiwa kitakutofautisha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni rahisi kukumbuka: chakula cha moto kikae juu ya nyuzi 60 za Selsiasi, cha baridi chini ya nyuzi 5, na kilichopikwa kisiachwe kwenye joto la kawaida la chumba zaidi ya saa 2. Ukitapika au ukiharisha, usiende kazini, hata kama zamu hiyo uliitafuta mwezi mzima; muda unaotumika sana ni saa 48 baada ya dalili kukoma.

Na andika saa zako mwenyewe, kila usiku, kabla ya kulala: ulifika saa ngapi, ulipumzika dakika ngapi, uliondoka saa ngapi. Zamu ya kufunga haiishii mteja wa mwisho anapolipa bili. Kuna sakafu, kuna majiko, kuna takataka. Uliza kama muda huo unalipwa, na uliza utarudije nyumbani saa hizo.

Muulizaji

Shikamoo mama, na asanteni nyote. Nimeandika karatasi mpya yenye siku nne tu, na sikuweka "wakati wowote" popote. Risiti ya wakala ninayo. Kesho nitaipeleka ofisi ya kazi. Nina swali moja lililobaki. Nikishapata mahali, kisha wakanipigia simu Jumanne wakiwa na shida kubwa, nikikataa si wataacha kuniita?

Msimamizi wa zamu

Hawataacha, ikiwa tangu siku ya kwanza Jumanne haikuwa kwenye karatasi yako. Pokea simu, sema "Jumanne siwezi, lakini Jumatano saa 11 jioni nipo," na Jumatano ufike saa 11 kasorobo.