Eksirei zapimaje mvutano wa galaksi?

Mwalimu_Likoni: Wanafunzi wamenibana. Eksirei si za kupigia picha mifupa? Vipi zapima mvutano wa kundi la galaksi kama Perseus?

Fundi_Kibokoni: Mwalimu, huko hazipigwi, zapokewa tu. Baina ya galaksi mna gesi ya mamilioni ya digrii, nayo hutoa eksirei yenyewe. Moto ule ungeshaitawanya. Mvutano ndio unaoizuia. Pima joto na msongamano toka kitovuni hadi pembeni, wapata uzito wote. Nyota na gesi hazifiki hata robo yake! Kilichobaki ni maada nyeusi, kitu kisichoonekana ila kwa mvutano wake.

Mwalimu_Likoni: Na makundi yaliyogongana?

Fundi_Kibokoni: Hapo usiiamini hesabu hiyo, gesi haijatulia. Tazama jinsi mwanga wa galaksi za nyuma unavyopindwa na mvutano wa makundi hayo.

Bi_Mtongwe: Darubini yenyewe lazima iwe angani, kama Chandra ya 1999. Hewa yetu huzimeza eksirei.