Jimi ana uvimbe wa mafuta mbavuni: kuna tiba isiyo ya kisu?

Baba Opio, Tororo

Habari zenu wapenzi wa mbwa. Nina dume, chotara wa Labrador, anaitwa Jimi. Ametimiza miaka 10 na bado mtu akikohoa tu nje ya geti utamsikia. Sasa ana uvimbe mbavuni upande wa kushoto, ukubwa wa yai la kuku, na mwingine mdogo umejificha kwapani. Ule wa mbavuni ukiushika ni laini, unateleza huku na huku chini ya ngozi. Haumuumi, manyoya juu yake yako sawa. Kula anakula, tena kupita kiasi, maana posho (ugali) yote inayobaki jioni ni yake, na wapangaji wangu wanamtupia chapati.

Daktari aliyekuja kumchanja kichaa cha mbwa alimpapasa, akasema ni mafuta tu, tukitaka atampasua. Mke wangu hataki kabisa kusikia habari ya kisu. Mimi naiogopa dawa ya usingizi kwa mbwa wa umri huu, na pesa yenyewe si ndogo. Je, kuna dawa ya kuyayeyusha? Na huo wa kwapani niuogope? Siku hizi akishuka ngazi za baraza naona anaurusha mguu nje kidogo.

Kijana wa Busia

Pole mzee. Huku kwetu hao huwa ni funza wa nzi wa maembe. Paka mafuta mazito ya mgando uwazibie pumzi, halafu kamua. Wangu walitoka wote.

Msaidizi wa Mifugo, Jinja

Baba Opio, tafadhali usikamue. Kaka wa Busia, funza namjua vizuri, lakini jipu lake ni gumu, linauma, na katikati lina kitundu anachopumulia. Uvimbe unaoteleza, usio na tundu, si wake. Ukiukamua utamuumiza mzee wa watu bure.

Ninafanya kazi na daktari wa mbwa na paka, na hili tunaliona mara kwa mara, hasa kwa Labrador na mbwa walionenepa. Mara nyingi ni mafuta kweli. Lakini mkono peke yake hautoshi kusema hivyo, hata uwe mkono wa daktari. Kuna saratani moja ya ngozi, ya seli zinazoitwa masti, ambayo inaweza kuwa laini na kuteleza vilevile. Dalili inayonitia shaka ni uvimbe unaovimba na kunywea, au unaoiva wekundu baada ya kushikwashikwa. Na ule wa kwapani unaweza kuwa mtoki, maana kupe wetu hawa huleta homa inayovimbisha mitoki.

Kwa hiyo, kabla ya dawa yoyote, mwombe daktari auchome kila uvimbe sindano nyembamba, avute kidogo, amwage kwenye kioo. Mbwa hahitaji usingizi kwa hilo. Mshike kichwa tu umsemeshe. Ikiwa ni mafuta utayaona mwenyewe: matone yanayong'aa, hayakauki hata kioo ukikipepea. Hata hivyo kioo kiangaliwe kwa hadubini. Kama hapo Tororo hawana, Makerere wana kliniki ya wanyama wadogo.

Yakishathibitika kuwa mafuta, na hayamzuii kutembea, tiba ya kwanza ni kuyaacha. Najua si jibu ulilolitaka, lakini mbwa wengi huzeeka nayo bila shida. Yapime kwa uzi kila mwezi, uandike tarehe. Ukiona yanakua haraka, yamekuwa magumu, au yameng'ang'ania nyama ya chini, rudi kwa daktari.

Dawa ya kunywa ya kuyayeyusha haipo. Ipo sindano ya steroidi, triamsinolone, inayodungwa ndani ya uvimbe. Midogo hunywea, wakati mwingine hupotea. Ila isidungwe kabla ya kipimo: steroidi huinywesha hata saratani kwa muda, halafu ugonjwa unajificha huku unaendelea. Kuyafyonza kwa mrija pia kunahitaji usingizi, na mafuta yanaweza kurudi. Sindano ya kloridi ya kalsiamu iliwahi kujaribiwa, ikaunguza ngozi. Usikubali.

Kuhusu chakula, akipungua uzito uvimbe wenyewe hauyeyuki, lakini viungo vyake vitakushukuru, na ikibidi kulazwa usingizi hatari ni ndogo zaidi. Punguza posho polepole, jazia boga la kuchemsha na mukene (dagaa) kidogo usio na chumvi. Wapangaji waambie chapati basi. Ukipitisha kiganja ubavuni uzisikie mbavu bila kubonyeza.

Wa kwapani ndio unaonisumbua. Kama ni mafuta na tayari anaurusha mguu, huo ni afadhali utolewe ungali mdogo.

Dada wa Entebbe

Wangu alidungwa hiyo steroidi baada ya kipimo. Uvimbe ulinywea sana. Jiandae tu: kwa muda alikunywa maji ovyo na kukojoa ndani ya nyumba. Kama mbwa ana kisukari, mwambie daktari kabla.

Baba Opio, Tororo

Asanteni sana. Tumempima, yote miwili ni mafuta, na yale matone nimeyaona kwa macho yangu. Wa mbavuni tunauacha. Mke wangu amekubali wa kwapani utolewe, baada ya kumwona Jimi amesimama juu ya ngazi akisita kushuka. Niulize nini kabla ya siku yenyewe?

Msaidizi wa Mifugo, Jinja

Nimefurahi, Baba Opio. Omba apimwe damu kwanza, figo na ini, na moyo usikilizwe. Uliza nani atamwangalia pumzi wakati daktari anakata. Asiwe mtu mmoja anayefanya yote. Usiku wa kuamkia siku hiyo asile, na maji daktari atakwambia yaondolewe saa ngapi. Uvimbe ukitoka, usitupwe, upelekwe maabara. Na mtafutie kola ya kumzuia kulamba mshono, kwapani hapo hufumuka upesi.