Kompyuta inashika waifai fresh lakini Google haifunguki, simu zote ziko poa

chiku_mbagala:
Wakuu habari zenu, naombeni msaada kabla sijaiuza hii mashine kwa wa vyuma chakavu. Nina desktopu ya mtumba, zile CPU nyembamba za maofisini, watoto wanasomea na mimi nafanyia mahesabu ya biashara. Sasa tatizo lake silielewi, waifai inashika, mistari imejaa kabisa, lakini ukifungua Google au email inagoma, inaleta ukurasa una alama nyekundu eti muunganisho si wa faragha. Wakati huohuo simu zote ndani zinatumia waifai hiyohiyo na Youtube inatiririka tu. Fundi mmoja wa mtaani akaniambia ni virusi akapiga Windows upya, nikamlipa, ikafanya kazi vizuri siku ile, asubuhi yake tukarudi kulekule. Nimezima ruta na kuwasha mpaka nimechoka. Shida ni ruta, kifurushi au hii kompyuta yenyewe?

bwana_kifurushi:
Hiyo DNS mkuu, ile huduma inayotafsiri jina la tovuti kuwa anwani ya namba. Ingia kwenye setingi za mtandao weka 8.8.8.8 na 1.1.1.1 utanishukuru. Ikigoma badilisha ruta, hizi ruta za bure wanazotupa ni majanga.

MzeeWaWaya:
@bwana_kifurushi taratibu kaka, ruta ingekuwa mbovu simu nazo zingelia. Na DNS ikifa brauza inakwambia haiipati tovuti, haikuletei onyo la usalama, ni magonjwa mawili tofauti hayo.

Dada Chiku kabla hujanunua chochote fanya vitu viwili. Cha kwanza fungua kile kidirisha cheusi cha komandi uandike ping 8.8.8.8, kama majibu yanarudi basi mtandao unafika mpaka nje na ruta haina kosa. Cha pili, na hiki ndicho ninachokihisi, angalia kona ya chini kulia kwenye kioo, saa na tarehe zinasoma nini? Usiangalie saa peke yake, angalia na MWAKA.

chiku_mbagala:
Ping inajibu vizuri tu. Tarehe ndo kituko, inasema 1 Januari 2012 😳 na ndio maana mafaili ya watoto yanaonekana ya zamani, mi nikajua wanachezea. Lakini jamani tarehe na intaneti vinahusiana nini?

MzeeWaWaya:
Vinahusiana sana. Tovuti karibu zote siku hizi zinaanza na https, maana yake kabla brauza haijafungua ukurasa, seva, yaani kompyuta inayotunza tovuti, inatoa cheti cha kujitambulisha, na kile cheti kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Tangu Septemba 2020 brauza kubwa zimekataa vyeti vipya vya zaidi ya siku 398, na vingi ni vya siku 90 tu. Sasa kompyuta yako inaamini tuko 2012, ikiangalia cheti cha Google inaona kinaanza miaka mingi mbele, yaani hakijazaliwa bado, inakikataa. Simu zinachukua saa kutoka kwenye mtandao ndio maana hazisumbui. Na ping haiangalii cheti wala tarehe, inagonga hodi tu ijue kama kuna mtu.

Kinachorudisha tarehe nyuma ni betri ya bayosi, bayosi ni kile kiprogramu kinachoiamsha kompyuta kabla ya Windows. Betri yenyewe ni kile kidude cha duara kama shilingi kilichobandikwa kwenye mazabodi, ubao mkuu wa ndani. Kompyuta ikiwa imechomekwa ukutani, hata ukiizima, pawasaplai inaendelea kupeleka umeme kidogo na saa inatembea. Ukichomoa plagi au umeme ukikatika, kazi yote inabaki kwa kile kibetri, na kwenye mashine ya mtumba iliyokaa miaka ofisini huko Ulaya na kontena juu yake, mara nyingi kimeshakufa. Je usiku huwa unachomoa?

chiku_mbagala:
Kila siku nachomoa, umeme wa huku ukirudi unarudi na hasira, ulishaniunguzia feni. Sasa nimeelewa kwa nini fundi akipiga Windows inapona, kumbe alikuwa anaweka tarehe tu 😂 na hela yangu kala.

binti_soketi:
😂😂 Pole dada, hao wapo wengi, kila ugonjwa dawa yao kupiga Windows. Kuchomoa endelea kuchomoa, hujakosea chochote, badilisha tu betri. Nenda duka lolote la vifaa vya kompyuta au hata kwa mafundi wa saa uliza CR2032. Hiyo 20 ni upana wa milimita 20 na 32 ni unene wa 3.2, kwa hiyo wakikupa CR2025 au 2016 ukakuta upana ni uleule usidanganyike, ni nyembamba, inachezacheza kwenye kikombe chake. Na usikubali LIR2032, ile ni ya kuchaji, volti zake zinapita tatu. Kama una mita pima ya zamani kwanza, nzima inasoma karibu volti 3, ikishuka chini ya 2.7 hiyo ni marehemu.

Halafu ile ya zamani usiiache mezani una watoto. Betri hizi mtoto akimeza ikakwama kooni inaunguza nyama ndani ya masaa mawili, sikutishi, ifunge kwa selotepu katupe.

fundi_wa_usiku:
Mi nashauri abadilishe huku kompyuta imechomekwa ili setingi za bayosi zisifutike, nafanyaga hivyo.

binti_soketi:
@fundi_wa_usiku usimwambie mtu wa nyumbani hivyo! Bisibisi ikiteleza kwenye mazabodi yenye umeme ndo mwisho wa mazabodi. Na betri yenyewe imekufa, setingi gani anaokoa wakati kila usiku zinafutika?

Dada zima, chomoa plagi, bonyeza batani ya kuwashia sekunde kama kumi umeme uliobaki uishe, fungua mfuniko, shika bati la boksi kwanza mkono utoe chaji. Pembeni ya betri kuna kikucha, kisukume kwa kucha au kijiti cha plastiki inaruka yenyewe. Mpya iweke upande wenye alama ya kujumlisha juu kama ulivyoikuta ile ya zamani. Ukiwasha italalamika saa haijawekwa, ingia bayosi, mara nyingi ni F2 au Delete, weka tarehe na saa, hifadhi utoke.

MzeeWaWaya:
Nyongeza moja maana hii inawatoa watu jasho. Kabla hujatoa betri ya zamani ingia bayosi, ukiona sehemu ya hadidiski imeandikwa RAID au AHCI (ni namna mbili za kompyuta kuwasiliana na hadidiski), andika pembeni ilivyo sasa hivi wakati Windows inawaka. Baada ya betri mpya ukikuta Windows imegoma kuwaka kabisa, rudi uangalie kama imegeuka, irudishe kama ulivyoandika. Usije ukamwita yule fundi tena.

Na usitegemee Windows ijirekebishie saa yenyewe ikiwa imepotea miaka. Kwenye kompyuta ya nyumbani ile huduma yake ya saa kwa kawaida inakataa kusahihisha tofauti inayozidi masaa 15, inaona si kawaida inaacha. Kwa hiyo mara ya kwanza weka kwa mkono, na kwenye ukanda wa saa chagua Nairobi, ni uleule wetu wa +3.

chiku_mbagala:
Nimerudi. Betri nimepata hapahapa Rangi Tatu, bei haifiki hata ya chipsi kavu. Mtoto wa form two ndo kafungua mfuniko mimi namulika tochi. Ilikuwa RAID ikabaki RAID. Usiku nimechomoa kama kawaida na asubuhi tarehe ipo sahihi, Google imefunguka. Ila sasa antivairasi inasema leseni imeisha tangu zamani na nililipia mwaka mzima, hiyo nayo ni tarehe?

binti_soketi:
Inawezekana kabisa, ilichanganywa na 2012. Ingia akaunti yako kwenye tovuti yao uone mwisho wa leseni ulioandikwa kule, halafu toka na uingie upya kwenye programu iulize seva. Ikigoma waandikie watu wa msaada na risiti ya malipo, usilipe mara ya pili.