Mahindi ya mjomba yameliwa na tembo, fomu zimerudishwa kwa sababu ya mhuri uliofifia

Ndugu zangu, ninaandika kutoka Mbagala nikiwa na hasira ambayo nimeibeba tangu juzi, niliposhuka kwenye basi la kutoka Rufiji nikiwa mikono mitupu kwa mara ya tatu.

Mjomba wangu analima upande wa Rufiji unaopakana na pori ambalo zamani lilikuwa Pori la Akiba la Selous, na ambalo tangu mwaka 2019 sehemu yake kubwa ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Masika iliyopita tembo waliingia usiku kwenye shamba lake la ekari nne za mahindi yaliyokuwa yameanza kubeba. Mjomba alikuwa juu ya dungu akiwa na tochi na debe, akalipiga debe hilo mpaka mkono ukafa ganzi, nao wakaendelea kula kana kwamba wanapigiwa ngoma. Kulipokucha alikuta mabua yamelazwa chini, nyayo pana kama sinia zimejaa maji, na vinyesi vyenye punje ambazo hazikuwahi hata kukomaa.

Sina ugomvi na tembo. Ugomvi wangu ni na ofisi iliyochukua siku kumi na tisa kumleta afisa shambani kutathmini hasara, wakati ambapo magugu yalikuwa yameota na ng'ombe wa wapita njia walikuwa wamemalizia mabua. Afisa huyo alitazama huku na huku, akaandika ekari moja na nusu, akieleza kwamba kwingine "haoni ushahidi". Ushahidi gani unaokaa shambani siku kumi na tisa wakati wa mvua?

Nimezifuatilia mwenyewe fomu za kuomba malipo ya hasara hiyo kwa sababu mjomba ana umri mkubwa na magoti hayamruhusu. Safari ya kwanza niliambiwa mhusika yuko semina, safari ya pili nikaambiwa zimekwisha kupelekwa mbele, na safari hii nikaambiwa zimerudishwa kijijini kwa kuwa mhuri wa mtendaji umefifia. Nimeuona mhuri wenyewe. Jina la kijiji linasomeka vizuri. Kilichofifia ni mzunguko wa nje upande mmoja, kwa sababu kidau cha wino kilikuwa kimekauka.

Kwa wasiofahamu, kanuni za mwaka 2011 ziliyaita malipo haya kifuta jasho pale mali inapoharibiwa, na kifuta machozi mtu anapojeruhiwa au kuuawa. Hayakuitwa fidia, na viwango vyenyewe vinaeleza kwa nini. Kanuni hizo ziliweka kati ya shilingi 25,000 na 100,000 kwa ekari, kadiri shamba lilivyo mbali na mpaka wa hifadhi, tena kwa ekari zisizozidi 5. Aliye ndani ya mita 500 hakuwekewa kitu, na roho ya mtu iliwekewa shilingi 1,000,000. Shamba la mjomba halifiki kilomita moja kutoka mpakani, kwa hiyo kwa viwango hivyo na hesabu ya afisa yule angestahili shilingi 37,500. Nauli zangu tu zimeshaipita fedha hiyo, na sijagusa hela ya chakula wala ya kurudufu karatasi.

Najua watakuja watu hapa kusema kwamba wanakijiji wamevamia shoroba, yaani njia za wanyamapori. Tafadhali msianze. Babu yetu alikuwa akiishi bondeni, karibu na mto, na ni serikali yenyewe iliyowahamishia watu wa Rufiji maeneo ya juu mwishoni mwa miaka ya 1960. Miembe aliyoipanda baada ya kuhamishwa ndiyo leo mjomba anajificha nyuma yake tembo wanapopita, na kanuni za shoroba zimekuja mwaka 2018.

Linaloniuma zaidi ni neno "ushirikishwaji". Tangu Sera ya Wanyamapori ya mwaka 1998 vijiji vimeambiwa vitenge ardhi, viunde jumuiya za hifadhi ya wanyamapori na kugawana mapato ya utalii na uwindaji. Kijiji cha mjomba kilitenga. Kimepata madarasa mawili, nami sitayabeza, ila darasa haliwekwi ghalani. Kati ya mwaka 2009 na 2013 tembo wa Selous walishuka kutoka takriban 39,000 hadi takriban 13,000 kwa sababu ya ujangili, na miongoni mwa waliotembea porini kuwalinda waliobaki ni vijana wa vijijini, akiwemo binamu yangu, ambaye posho yake ilikuwa ikija inapojisikia. Wakati wa doria familia ile iliitwa mshirika wa uhifadhi. Ilipoliwa mahindi imekuwa mwombaji, tena mwombaji anayeshukiwa kudanganya.

Naomba mliowahi kulipwa mseme hapa mlisubiri miezi mingapi, fomu zilipita kwa nani, na kama kuna aliyewahi kupinga tathmini ya afisa akasikilizwa. Msinitumie namba za watu wa "kusukuma mambo". Sina cha kuwapa. Jana mjomba amepiga simu kwamba ufuta umeanza kutoa maua na nyayo mpya zimeonekana karibu na mto, na mimi Jumatatu napanda tena basi, safari hii nikiwa na kidau cha wino nilichokinunua Kariakoo.