RE: Ndoa ya jinsia moja na makaratasi ya grini kadi, nani anajua?

Kutoka: Dada wa Lynn

Habari zenu wapendwa. Naomba msaada, na naomba tusihubiriane maana mahubiri mama ameshanipa ya kutosha. Mdogo wangu wa kiume ni raia wa hapa, amefunga ndoa na mwenzake mwanaume hapa hapa Massachusetts, cheti wanacho. Mwenzake alikuja na viza ya masomo na muda umeshapita. Sasa kuna mtu mmoja anayejazia watu fomu kwa pesa kawaambia ndoa yao ni ya jimbo tu, serikali kuu haiitambui, kwa hiyo wasijisumbue na uhamiaji, watafute njia nyingine, na hiyo njia nyingine ndo ati kijana atafutiwe mwanamke wa kumuoa kwa malipo. Ni kweli haya? Na kazi ya mdogo wangu inampeleka Texas, wakifika huko ndoa inakuwaje?

Kutoka: Karani wa Worcester

Dada pole. Mi ni karani kwenye ofisi ya wakili wa uhamiaji, sio loya mwenyewe, kwa hiyo nitakayosema mkayathibitishe kwa loya mwenye laiseni. Ila kwanza kabisa, huyo mtu wa fomu wamkimbie leo hii. Ndoa ya kulipana ili upate grini kadi ni jinai ya serikali kuu, kifungo hadi miaka 5 na faini hadi dola 250,000, na ukishabainika hata ndoa yako ya kweli baadaye haitakusaidia tena. Yaani anawashauri waache ndoa halali waingie ya bandia!

Anachokisema kilikuwa kweli zamani, shida yake amelala tangu kabla ya 2013. Kulikuwa na sheria ya serikali kuu ya 1996, watu wanaiita DOMA, ilisema kwa mambo yote ya Washington ndoa ni mwanaume na mwanamke, basi. Kwa hiyo hata jimbo likikuozesha, ukigusa uhamiaji, kodi ya mapato ama pensheni ya serikali kuu unahesabiwa hujaoa wala hujaolewa. Raia hakuweza kumwombea mume au mke wa jinsia moja grini kadi, wengine waliishia kuhama nchi wakaenda Kanada ili wakae pamoja.

Kilichovunja hiyo kitu ni kesi, na hapa New England kesi hizi zina mwenyewe. Mary Bonauto. Nashangaa watu wetu wengi hapa hawamjui na tunaishi ndani ya kazi yake. Aliingia shirika la mawakili la GLAD pale Boston mwaka 1990, na watu wakaanza kumwendea wakimwambia tushtakie serikali tuoane, yeye akawa anawakatalia. Miaka inaenda anawakatalia! Sio kwamba hakutaka, aliona mahakama haziko tayari, na kesi ukiipeleka mapema ukashindwa inabaki kitabuni, kila jaji anayekuja anakusomea hiyo hiyo. Minnesota ilishatokea, kesi ya ndoa kama hizi, Baker dhidi ya Nelson, ilifika mpaka Mahakama Kuu ya nchi mwaka 1972 ikatupwa kwa sentensi moja tu, na hiyo sentensi moja ikawatesa mawakili zaidi ya miaka 40. Mi nafanya kazi na mawakili kila siku, nawaambia ukweli, wakili anayejua kusubiri ni wachache sana.

Akaanzia Vermont na mawakili wawili wa huko, kesi ikafunguliwa 1997, Desemba 1999 mahakama ya jimbo ikasema hawa watu wapewe haki zote za wanandoa, bunge la Vermont likatengeneza kitu kinaitwa muungano wa kiraia, kikaanza 2000. Haki za ndoa bila jina la ndoa. Hapo dada nisikilize, hili linawahusu watu wengi humu: muungano wa kiraia uhamiaji HAWAUTAMBUI kama ndoa mpaka leo. Mna huo tu na mnataka kupeleka fomu, fungeni ndoa kwanza.

Halafu Aprili 2001 akaja kwetu Massachusetts na wapenzi jozi saba. Kesi inaitwa Goodridge kwa sababu ya Hillary na Julie Goodridge. Julie alijifungua mtoto wao wa kike kwa upasuaji, na Hillary akapata taabu kuruhusiwa kumwona yeye na mtoto hospitalini, wakati alikuwa na karatasi ya kisheria inayompa madaraka ya kuamua matibabu ya Julie. Karatasi alikuwa nayo. Hilo limeandikwa ndani ya hukumu yenyewe, na mimi naona ndo lilikuwa kiini cha ujanja wa Bonauto, hakwenda mahakamani kubishana kuhusu mapenzi, alikwenda na vitu vya mlangoni: nani anaingia wodini, nani anarithi, nani ana bima, mtoto ni wa nani. Jaji anaweza kubishana na wewe kuhusu mapenzi mpaka jioni lakini mlango wa wodi ni mlango wa wodi.

Hukumu ilitoka tarehe 18 Novemba 2003, majaji 4 kwa 3, padogo hivyo. Na aliyeiandika, jaji mkuu Margaret Marshall, ni mhamiaji kama sisi, mzaliwa wa Afrika Kusini, aliongoza wanafunzi waliopinga ubaguzi wa rangi kule kabla hajaja Marekani miaka ya sitini. Hili huwa nalipenda, basi nimelisema. Mahakama ikampa serikali ya jimbo siku 180, na tarehe 17 Mei 2004 ndoa zikaanza, pale Cambridge walifungua ofisi usiku wa manane.

Lakini bado DOMA ilikuwepo. Bonauto akarudi tena mahakamani na wanandoa na wajane wa Massachusetts, mmoja wao Dean Hara, mume wa Gerry Studds aliyekuwa mbunge wa Washington. Mbunge alifariki 2006, mumewe akanyimwa pensheni ambayo mjane wa mbunge mwingine yeyote angepewa. Mwaka 2010 jaji wa Boston akasema kipande hicho cha DOMA ni batili. Na iliyomaliza kazi ni ya New York, Edith Windsor, wakili wake Roberta Kaplan. Windsor na mwenzake walifunga ndoa Toronto 2007, mwenzake akafariki 2009, serikali ikamdai bi mkubwa kodi ya urithi dola 363,053 ambayo mke wa mwanaume asingelipa hata senti. Tarehe 26 Juni 2013 Mahakama Kuu ikampa haki.

Baada ya hapo uhamiaji walibadilika haraka, wiki hizo hizo wakaanza kupitisha maombi, na baraza la rufaa la uhamiaji likaandika rasmi Julai 2013. Kanuni ni hii: wanaangalia ndoa imefungwa wapi. Kama ni halali pale ilipofungwa, ni halali kwao. Kwa hiyo mdogo wako anajaza I-130, fomu ya kumwombea mwenzako, kama mume mwingine yeyote. Na kwa kuwa mwenzake aliingia kihalali kwa viza na mdogo wako ni raia, kukaa kupita muda kwa kawaida hakuzuii aombe hapa hapa, I-130 na I-485, ambayo ni fomu ya kuomba grini kadi yenyewe, zinakwenda pamoja. Ila asisafiri nje kabla loya hajamwambia, akitoka anaweza kufungiwa asirudi miaka mingi. Na loya awaambie pia hali ya sasa ikoje kwa mtu aliyepitisha muda, maana mambo ya uhamiaji yanageuka.

Kutoka: Mzee wa Nashua

Asante kijana kwa maelezo. Mimi sitaficha, siafiki ndoa hizi, imani yangu hainiruhusu na wengi humu tuko hivyo. Lakini yule wa kushauri ndoa ya kununua ni tapeli, na tapeli hana dini. Swali langu, je mchungaji au sheikh wetu anaweza kushtakiwa akikataa kufungisha?

Kutoka: Karani wa Worcester

Shikamoo mzee. Hapana, hashtakiwi. Ndoa tunayoizungumzia ni ya serikali, cheti cha manispaa. Katiba ya hapa inamlinda kiongozi wa dini, na sheria ya Desemba 2022 aliyosaini Biden imeandika wazi kwamba mashirika ya dini hayalazimishwi kushiriki sherehe za ndoa. Hiyo hiyo sheria ndo imefuta DOMA kabisa kwenye vitabu, maana hukumu ya 2013 iliinyamazisha tu.

Na hapo ndo jibu la Texas, nilisahau dada. Tarehe 28 Aprili 2015 Bonauto mwenyewe ndiye alisimama mbele ya majaji tisa wa Mahakama Kuu kwenye kesi ya Obergefell. Yule Jim Obergefell na mwenzake waliishi Ohio, mwenzake yuko mahututi na ugonjwa wa neva, ikabidi wakodi ndege ya wagonjwa waruke mpaka Maryland wafunge ndoa ndani ya ndege uwanjani, Ohio ikagoma kumwandika kama mume kwenye cheti cha kifo. Cheti cha kifo! Hukumu ikaja Juni 26, 2015, 5 kwa 4, majimbo yote yafungishe na yatambue. Kwa hiyo Texas ndoa yao inasimama. Wengine wanauliza je Mahakama Kuu ikigeuka, sheria ya 2022 inasema serikali kuu na kila jimbo watambue ndoa halali ya jimbo lingine, ingawa hailazimishi jimbo kufungisha mpya. Ndo maana nawaambia vijana cheti cha Massachusetts ni mali, msikitupe kwenye droo ya bili.

Kutoka: Binti wa Quincy

Mi naongeza upande wa nyumbani maana karani amesahau, na huko ndo watu wanaumia. Ndoa hiyo Kenya haitambuliki, katiba kifungu cha 45 kinasema mtu ana haki ya kuoa au kuolewa na wa jinsia tofauti, na mahusiano yenyewe ni jinai hadi miaka 14, mahakama ilikataa kuifuta mwaka 2019. Tanzania ni hadi maisha. Uganda na sheria yao ya 2023 ya kupinga ushoga msiongee. Kwa hiyo picha za harusi fesibuku, simu unayopita nayo eapoti, fikirini. Sio kumtisha mtu ila nimeona watu wanasahau wakishazoea huku.

Na kama mdogo wako ana kiwanja nyumbani, aandike wosia, mwenzake atajwe kwa jina lake kama mtu, sio kama mume, la sivyo siku ya msiba ukoo unabeba kila kitu na hana pa kushtaki. Huku nako waandike wosia na karatasi ya madaraka ya matibabu, ndiyo najua ndoa inatosha kisheria, lakini saa nane za usiku nesi hana muda wa kusoma sheria. Wakipata mtoto, hata kama majina yote mawili yako kwenye cheti cha kuzaliwa, mawakili wengi wanashauri yule asiyemzaa amuasili mahakamani kabisa, maana amri ya mahakama inaheshimika sehemu ambazo cheti kinabishiwa.

Kutoka: Dada wa Lynn

Jamani nimelia kidogo, asanteni, mzee na wewe asante kwa kusema ukweli bila kutukana. Swali la mwisho. Intavyuu wanauliza nini? Mdogo wangu anaogopa kwa sababu hawana picha na familia, familia yenyewe imegoma kuja harusini, baba hapokei hata simu. Si wataonekana ni ndoa feki?

Kutoka: Karani wa Worcester

Hilo linakuja sana na maofisa wengi wanalijua, kwamba kuna familia hazijui au zimekasirika. Wasitunge hadithi. Waeleze kwenye taarifa ya kiapo kwa nini wazazi hawamo, kwa maneno yao. Wewe dada mwenyewe andika barua ya kiapo, umewajua vipi, umewaona wakiishi pamoja tangu lini, wewe ni familia na barua yako ina uzito. Halafu wapeleke za kawaida: mkataba wa nyumba wenye majina mawili, akaunti ya benki ya pamoja inayotumika kweli, bima ya afya, fomu ya kodi ya mapato waliyojaza kama wanandoa, meseji za zamani kabla hawajaoana. Maswali ni ya maisha tu, nani anaamka kwanza, mlikutana wapi, bili ya umeme analipa nani.

Wakipewa grini kadi na ndoa haijafika miaka miwili itakuwa ya masharti, ya miaka 2, na ndani ya siku 90 kabla haijaisha lazima wajaze pamoja I-751, fomu ya kuondoa hayo masharti. Wengi wanasahau hapo. Na wakishahamia Texas wabadilishe anwani uhamiaji ndani ya siku 10, wasisubiri posta iwafuate.

Nitumie imeili pembeni nikupe majina ya ofisi zinazosaidia kwa bei nafuu, humu sipendi kuweka. Na kabla hawajahama waende manispaa walipofungia ndoa wachukue kopi zilizothibitishwa za cheti, zaidi ya moja, maana kuagiza ukiwa mbali inachelewa.