Kipoza prosesa cha bei nafuu kwa i5-9600K iliyozidishwa kasi

Mhariri wa Pasua (Moshi)

Habari za wakati huu, wakuu. Naomba ushauri kabla sijatoa fedha. Kazi yangu ni kuhariri video za harusi na kipaimara nyumbani, na mwezi uliopita nilinunua kompyuta iliyotumika yenye prosesa ya Intel Core i5-9600K na madabodi (bodi kuu ya kompyuta) ya Z390. Prosesa hiyo iliuzwa bila kipoza, kwa hiyo aliyeniuzia aliifungia kile kidogo cha mviringo cha alumini kinachokuja na prosesa za bei ya chini. Nilipozidisha kasi hadi gigahezi 4.7 kwa volti 1.35, mashine iliwaka vizuri, lakini kila nikianza kutoa video iliyokamilika joto linafika nyuzi 100 ndani ya dakika mbili, kisha kasi inaanguka yenyewe hadi chini ya gigahezi 4, na kazi inachelewa kuliko kabla sijagusa chochote. Saa nane mchana hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa chumba changu kimeezekwa bati na hakina dari. Bajeti yangu ni shilingi 130,000 pamoja na nauli ya mzigo kama utatoka Dar es Salaam. Ninunue kipoza gani, na je, nifikirie vile vya maji?

Fundi wa Njiro (Arusha)

Pole sana, na nashukuru umetaja volti, kwa sababu hapo ndipo penye sehemu kubwa ya tatizo lako. Joto linalozalishwa na prosesa hupanda sambamba na kasi, lakini kwa upande wa volti hupanda kwa kipeo cha pili. Prosesa yako bila kuguswa hukimbia gigahezi 4.3 viini vyote sita (vitengo vya kuchakata vilivyomo ndani yake) vikiwa kazini. Tuchukulie hapo inatumia volti 1.20. Ukiipeleka 4.7 kwa volti 1.35 umeongeza kasi kwa asilimia 9 tu, ilhali joto la kuondolewa limeongezeka kwa takriban asilimia 38. Shusha hadi 4.6 na ujaribu volti 1.25, ambapo nyongeza ya joto inabaki kama asilimia 16, na kwa video ya kuchukua saa nzima utapoteza dakika moja na sekunde chache. Prosesa hazifanani hata zikiwa za aina moja, hivyo ikiganda katikati ya kazi ongeza volti 0.01 kwa wakati mmoja hadi itulie.

Kuhusu kipoza chenyewe, tafuta cha mnara chenye mabomba manne ya shaba na feni ya milimita 120. Ndani ya kila bomba kuna kimiminika kidogo kinachogeuka mvuke kwenye kitako, kinasafiri na joto hadi kwenye mapezi ya alumini (vile vibamba vyembamba vinavyopulizwa na feni), kinapoa na kurudi kwenye kitako, na ndiyo maana hubeba joto upesi kuliko kipande kitupu cha alumini ulicho nacho. Vile vya mabomba mawili vinavyopambwa kwa taa za rangi viache dukani. Matundu ya kufungia ya soketi LGA 1151, yaani pale prosesa yako inapokaa kwenye madabodi, yako umbali sawa na ya 1150, 1155 na 1200, kwa hiyo hata kipoza kilichotumika kutoka mashine ya zamani kitakufaa mradi vyuma vyake vya kufungia havijapotea. Ila kabla ya kuagiza, fungua ubavu wa kasha na upime kwa rula kutoka uso wa prosesa hadi usawa wa mfuniko, kisha utuletee namba hiyo.

Mkazi wa Sakina

Kwa heshima ya fundi, mimi ningemshauri ajikusanye kidogo achukue cha maji. Changu chenye rejeta (sehemu ya kupozea maji) ya milimita 240 kina mwaka wa tatu sasa, hakijanisumbua na hakina kelele.

Fundi wa Njiro (Arusha)

Mkuu, cha 240 ni kizuri na sikipingi. Kwa fedha ya ndugu yetu, hata hivyo, nisingetarajia mpya cha ukubwa huo. Angeangukia cha rejeta ya 120 au kilichotumika. Maji hayalimezi joto, yanalihamisha tu hadi kwenye rejeta, na pale kuna feni moja ya 120 kama ile ya mnara. Pampu ikifa unatupa kifaa kizima, wakati feni ya mnara ikifa unafunga nyingine siku hiyo hiyo na kazi ya mteja inaendelea.

Mwalimu wa Fizikia (Moshi)

Naomba kuongezea kuhusu chumba. Kipoza cha hewa hakiwezi kuishusha prosesa chini ya joto la hewa inayokizunguka. Kinapunguza tofauti tu kati ya hivyo viwili. Kama usiku chumba kina nyuzi 22 na mchana chini ya bati kina 33, zile 11 zinahamia karibu zote kwenye prosesa, hata kipoza kiwe cha thamani gani. Kwa hiyo pima mafanikio yako saa nane mchana ya Februari, usipime usiku wa Julai. Arusha wao wana baridi zaidi, lakini kwenye mita kama 1,400 hewa yao ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja ya nane, na feni inabeba joto pungufu kwa kila mzunguko. Sisi hasara hiyo ni ndogo. Tena toa kasha ndani ya kabati la meza kama limo humo, na uhakikishe lina feni ya kuingiza hewa mbele na ya kuitoa nyuma. Ukipuliza vumbi, zuia mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke, na usitumie kompresa ya gereji, kwani mara nyingi hutema maji.

Mhariri wa Pasua (Moshi)

Ahsanteni sana. Nimeshusha hadi 4.6 kwa volti 1.25 na haijaganda, ingawa kwa kipoza hiki bado inagusa nyuzi 100. Nimepima, ni milimita 157. Nilikuwa nimewekewa Cooler Master Hyper 212 Evo dukani, na muuzaji ananihimiza nilipie leo.

Fundi wa Njiro (Arusha)

Usilipe. Hyper 212 Evo ina kimo cha milimita 159, mfuniko hautafunga. Muulize kama ana Deepcool AK400, ambayo pia ina mabomba manne na feni ya 120, lakini kimo chake ni 155. Ikifika, bandua karatasi ya plastiki kwenye kitako, kwa sababu nimeshafungua mashine zaidi ya moja zilizoletwa kwangu zikiunguza huku karatasi hiyo ingali imebanwa katikati. Futa pesti ya zamani (ile ya kupitisha joto kati ya prosesa na kitako) kwa alkoholi ya isopropili hadi chuma king'ae, na kama kitako hakijapakwa pesti kiwandani, weka tone la ukubwa wa punje ya choroko katikati. Kaza skrubu kwa zamu, mizunguko michache huku na michache kule, feni ikiwa upande wa RAM (vijiti vya kumbukumbu) na ikisukuma hewa kuelekea nyuma ya kasha.